Sauti Hufa kwa Njia Mbili

Muuzaji wa Tbilisi ameniachia masanduku mawili
na siku nne za kuamua.
Kizuri chajiuza, husema watu,
lakini yote mawili yanang'aa,
yote yana taa ya kijani na antena mbili kama masikio ya punda,
na pesa za ukumbi, baada ya kuziba paa,
zinatosha moja, na vumbi la jingine.

Miaka ishirini na sita Anzor ametembea na waya nyuma yake
kati ya meza za harusi na za matanga,
na mimi nyuma ya waya, naukunja, naurefusha,
nauinua juu ya mitungi ya mvinyo
kama mtoto aliyeshikishwa mkia wa gauni la bibi harusi.
Kutaisi nzima inamjua: tamada wetu,
yeye husema, ndipo watu wanywe.
Mwezi wa tano goti lake lilinasa.
Akaanguka, glasi mkononi, mvinyo haukumwagika,
akawaombea wazazi wetu akiwa chali sakafuni.
Watu walipiga makofi.
Mimi nilitafuta mkasi.

Basi. Sanduku la kwanza ni la bei nafuu.
Nililijaribu Jumanne, arobaini ya Bidzina mwoka mikate.
Antena nilizipandisha juu ya kabati, ziuone mkono wake,
maana mwili wa mtu ni maji, na maji hula mawimbi:
akipita shemeji mnene katikati, silabi moja haifiki.
Anzor akanyanyua pembe ya mvinyo. Kimya.
"Kwa yule," akasema, "ambaye leo..."
na spika zote nne zikamjibu:
"Gari kumi na saba, abiria yuko stesheni, anasubiri."

Hakuna aliyecheka.
Tsiala, mjane, aliweka kijiko chini taratibu,
akauliza, "Anamsubiri nani?"

Usiku ule nilihama masafa mara kumi na moja.
Huku televisheni, kule teksi,
huku kanisa la ng'ambo ya mto Rioni na maikrofoni zake tatu.
Hewa tunayoiita tupu
imejaa kama soko la Jumamosi,
kila mtu kashatandika biringanya zake.

Sanduku la pili lina akili.
Hujitafutia njia, huifanya sauti kuwa tarakimu,
huifunga kwa ufunguo; teksi haiingii.
Nilimtuma Anzor ashuke ngazi akihesabu,
apite duka la dawa, aende mpaka darajani,
kwanza na hili, kisha na lile.
La kwanza, likielemewa, hukoroma,
hukwaruza, huomba maji,
unapata muda wa kukimbia na betri.
La pili husema safi, safi, safi, thelathini na nane,
halafu hakuna. Hata pumzi.
Kama simu ya hospitali ikishakatwa.

Nilimweleza yote haya, nikachora hata picha.
Akazipima, moja kila mkono, macho kafumba.
"Hii," akasema, "ina uzito wa glasi."
Bei hakuiuliza.

Nikanunua la pili.
Betri nazibadilisha kabla ya kuwakumbuka marehemu,
ziwe nusu, ziwe robo tatu, nazitoa;
mapokezi ya jikoni yana redio isiyokosa moto.

Harusi ya kwanza, Anzor akapita meza ya mwisho,
akapita mlango, akatokea roshani, mvua inanyesha,
akamwinulia glasi mtu aliyekuwa akipita barabarani
na ukumbi mzima ukamsikia, karibu kama pua na mdomo.
Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya meza
mikono mbele, viganja juu,
nimeshika kitu ambacho hakipo.
Mtoto mmoja akadhani naomba,
akaniwekea mkate.